Cherehani ya Chumba cha Mavazi

Tangu Siméon Wilondja arudi Dallas kutoka Houston, alikuwa haongei tena kwa simu ndani ya nyumba. Simu ikilia aliangalia jina, akavaa kandambili, akashuka ngazi mpaka kwenye mapipa ya takataka nyuma ya jengo. Huko alisimama akizungumza huku kiganja kimefunika mdomo, kama mtu anayepiga miayo. Mado, mkewe, alimtazama kutoka dirisha la jikoni. Alikuwa ameshika mwiko, na sombe, mboga ya majani ya muhogo, ilikuwa imeanza kushika chini ya sufuria.

"Baba yako anaongea na nani?" alimwuliza binti yao.

Zoé, msichana wa shule ya sekondari, hakuinua macho. "Uncle Gracien, I guess."

"Gracien ni ndugu yake. Mutu anafunika mudomo juu ya ndugu yake?"

"Maybe ni siri, Mama."

"Njo hiyo naogopa."

Siméon alikuwa amesema anakwenda Houston, mtaa wa Gulfton, kumsaidia Gracien kuhama. Lakini juzi mke wa Gracien alituma video ya mtoto wao akicheza, na nyuma ya mtoto Mado aliona pazia lile lile la kijani na ukuta ule ule wenye alama ya maji. Hawakuhama popote. Mado aliifunga ile video. Alikuwa mwanamke wa kunyamaza kwanza. Kila siku alipanda treni mpaka Plano, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, akawaogesha na kuwalisha watu wasiokumbuka jina lake, na huko alijifunza kwamba jambo likiachwa kidogo hujisema lenyewe. Hata hivyo, usiku ule alipokunja shati la mumewe alilinusa kwanza kwenye kola.

Mtu wa pili ambaye Mado hakumwamini sana, na ambaye naye hakumwamini sana Mado, alikuwa Gakii. Gakii alikuwa Mkenya, mama wa makamo anayekaa DeSoto, kitongoji cha Dallas, na Jumapili walisali pamoja katika ibada ya Kiswahili. Tatizo lao lilianza na sufuria. Gakii aliandika kwenye kundi la simu la kanisa: *Nauza sufuria mbili kubwa, ziwe bado mpya mpya, njooni DeSoto.* Ndivyo Mado alivyokumbuka maneno yake, ingawa Gakii angeapa kwamba aliandika *ni* bado mpya. Mado alikuwa na sufuria mbili kubwa alizopewa na shirika la wakimbizi walipofika Marekani. Akazisugua zikang'aa, akapanda mabasi nazo mpaka DeSoto, akabisha hodi.

Gakii alifungua mlango, akaziangalia sufuria, akamwangalia Mado. "Aki, dada, hizi sizihitaji. Kwani hukusoma?"

"Nilisoma vizuri."

"Sasa?"

Mado alizishusha sufuria mlangoni. Gakii alimkaribisha chai ya maziwa, na tangu siku ile ilisemwa kanisani kwamba ilikuwa chai nzuri. Lakini Mado alirudi na sufuria zake mapajani akiamini kwamba Gakii ameona haya kutumia vyombo vya wakimbizi. Gakii naye alibaki akiamini kwamba wale Wakongo ni watu wa ajabu, unatangaza kitu, wanakuja kukubebesha vya kwao.

Pamoja na hayo, kiwanda cha kuku kilipompunguza Siméon kazini na mchungaji akaomba watu wamwombee, ni Gakii aliyesimama. Alikuwa anafanya kazi katika ofisi ya mradi wa kulifufua jengo moja la zamani kusini mwa Dallas. Zamani sana jengo lile lilikuwa studio ya sinema bubu, zile picha za kutembea zisizo na sauti, kisha likawa ghala la matairi, na sasa linafanywa jumba la makumbusho. "Namjua huyu," alimwambia mkuu wake, bwana Sheldon. "Mimi ndiye nitakayesema kwa ajili yake." Na Sheldon akampokea Siméon kwa neno lake.

Kazi ya Siméon ilikuwa juu ya jukwaa la mabomba, karibu na paa. Paa lile lilikuwa la vioo, kwa sababu watu wa zamani walipiga picha kwa mwanga wa jua. Watu wa matairi walilipaka lami nyeusi ili kuzuia joto. Siméon alikwangua lami, kioo baada ya kioo, kwa wembe mpana na kitambaa chenye maji ya sabuni. Kila kioo kilichosafishwa kiliangusha kipande cha mwanga sakafuni, na Sheldon alipita chini yake akisema "Habari, Siméon," neno pekee la Kiswahili alilokuwa nalo, na hakusahau kulisema hata siku moja.

*

Jumapili baada ya ibada, watu walibaki ukumbini wakinywa chai. Siméon alitoka mpaka korido ya vyoo kupokea simu ya Gracien. Hakujua kwamba nyuma ya mlango wa stoo Gakii alikuwa ameinama akitafuta vikombe.

"Ndiyo, Gracien. Ile mashini ya kushona, nilishaiuza, haina shida tena," alisema kwa sauti ya chini. "Niliuza kwa yule muzee wa Gulfton. Iache hapo kwako, ifunike muzuri. Mama Zoé asijue. Na watu wa hapa, usiwaambie kitu."

Gakii alisimama na vikombe mkononi. Ijumaa alikuwa amepita kwenye chumba cha mavazi, kile chumba ambamo zamani mafundi walishona nguo za waigizaji, akaona cherehani haipo. Ilikuwa cherehani ya miguu ya chuma, ya kukanyaga, kitu pekee kilichobaki tangu siku za studio. Bibi mmoja, ambaye mama yake aliitumia kushona nguo hizo, ndiye aliyeizawadia makumbusho. Gakii alidhani mafundi wa lipu wameisogeza. Sasa aliamini kwamba ameshajua ilikokwenda.

Hapa lazima jambo moja lisemwe wazi, maana Gakii hakulijua. Kwao Siméon, Uvira na vijiji vyake, mtu anayekwenda sokoni na pesa akarudi na unga, *ameuza* unga. Mwenye unga, aliyepokea pesa, ndiye *aliyeuzisha*. Siméon hakumpa mtu cherehani. Aliipata kwa mzee wa Gulfton kwa jasho lake mwenyewe, ikawa inamngoja Mado chini ya kitenge nyumbani kwa Gracien mpaka siku ya ukumbusho wa ndoa yao. Angekuwa mtu wa Mombasa au wa Meru angesema amenunua. Yeye alisema kama mama yake alivyomfundisha kusema.

Gakii aliporudi ukumbini, Siméon alimpokea vikombe ili asibebe peke yake. "Lete, dada, utachoka." Gakii alimtazama akivipanga mezani kwa utaratibu, akaona uso mpole wa mtu ambaye huwezi kumjua. Alilia kidogo garini akienda DeSoto. Ni yeye aliyesema kwa ajili yake.

*

Siku iliyofuata, Gakii alipomweleza aliyoyasikia, Sheldon alimwita Siméon ofisini. Alikuwa mrefu, Mmarekani mweusi mwenye ndevu za mvi, na alisimama akamwekea kiti. Siméon alikaa ukingoni kwa sababu suruali yake ilikuwa na lami. Kiingereza chake kilitosha "yes" na "tomorrow", kwa hiyo Gakii alikaa katikati yao.

"Brother Siméon," alisema Gakii, "Sheldon anauliza habari ya mashine ya kushona. Jumapili nilikusikia kwenye simu."

Siméon alishtuka. "Ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Aa, dada yangu. Usimwambie Mama Zoé."

Gakii alifumba macho kidogo. Alikuwa ametumaini atakana. "Kwa hivyo ni kweli. Uliuza."

"Niliuza, ndiyo."

"Kwa nani?"

"Kwa muzee moja, Houston. Anakaa karibu na kwa Gracien."

"Na nani alikupa ruhusa?"

"Ruhusa ya kuuza?" Siméon alicheka, kicheko cha woga. "Ni jasho yangu, dada. Mutu anaomba ruhusa?"

Gakii aligeuka upande wa dirisha, akatafsiri haraka kwa sauti ya chini kama mtu anayesoma habari za msiba. Sheldon alishusha macho akaitazama mikono yake. Siméon aliona jinsi uso wa mtu yule ulivyoanguka, akajua kwamba kuna jambo baya, lakini hakujua ni lipi.

"Anauliza iko wapi sasa."

"Iko kwa Gracien. Nilificha kwanza." Akasogea mbele. "Dada, ile mashini iko na mambo?"

"Mambo? Siméon, si unajua ni ya watu!"

*Ni ya watu.* Siméon alimwona akilini yule mzee wa Gulfton akitabasamu, akamwona akipokea pesa bila kuhesabu. Kumbe ilikuwa ya wizi. Kumbe alikuwa ameweka kitu cha wizi nyumbani kwa ndugu yake, na polisi wa Marekani wameshajua mpaka huku Dallas.

"Mi sikujua, dada. Naapa mbele ya Mungu. Yule muzee hakuniambia ni ya watu."

Hilo Gakii hakulitafsiri. Aliliona ni la mtu aliyekamatwa, anayemtafutia mwingine lawama.

Sheldon alisema kwa kirefu, na Gakii akafupisha: "Tunafungua Jumamosi. Ukirudisha mashine kabla, hakuna polisi. Lakini kazi usije kwanza. Acha kitambulisho."

Siméon alikivua kitambulisho shingoni, akakifuta lami kwa kidole kabla ya kukiweka mezani. Mlangoni mlinzi alimwambia afungue begi. Walipita watu wa umeme, watu wa rangi, wote aliokula nao mchana, wakapunguza mwendo. Mlinzi alitoa kitambaa, akatoa bakuli la fufu na sombe, akafunua kifuniko, akainusa, akaangalia kama chini ya chakula kuna kitu. Sheldon alikuwa amemfuata nyuma. Alilichukua bakuli kwa mlinzi, akalifunika vizuri, akalirudisha begini na kufunga zipu mwenyewe.

"Habari, Siméon," alisema, kwa kuwa hakuwa na neno jingine.

*

"Mama Zoé," alisema Siméon jioni ile, "iko kitu nilificha Houston."

Mado alikuwa akichambua mchele. Aliisogeza sinia taratibu, akafuta mikono kwenye kitenge. "Anaitwa nani?"

"Nani?"

"Huyo mwanamuke."

"Mwanamuke gani? Ni mashini."

"Mashini?"

"Ya kushona. Ya kukanyaga na miguu. Yako."

Mado aliitazama miguu yake. Cherehani yake ya Uvira ilibaki nyuma ya mlango siku walipokimbia kwenda Burundi, ikiwa na gauni la mtu nusu limeshonwa. Katika kambi alishona kwa mkono, na hapa Marekani hakushona kabisa. Hakudhani kama kuna mtu bado anakumbuka.

"Ulifikiri niko na mwanamuke?" aliuliza Siméon.

"Ulifunika mudomo kwenye takataka kama mwizi. Nifikirie nini?"

Zoé alicheka kutoka kwenye kochi. Kisha Siméon akawaeleza mengine, ofisi, kitambulisho, begi, na kicheko kikaisha.

"Why didn't you call me?" alisema Zoé. "Ningekuwa nime-translate."

"Unione natoa chakula mbele ya watu? Hapana."

Mado alirudia maneno polepole. "Nani alisema ni ya wizi?"

"Dada Gakii."

"Gakii wa sufuria?" Mado alipumua kwa pua. "Alisema hivyo, ni ya wizi?"

"Alisema ni ya watu."

"Watu gani?"

"Hakusema."

"Na patron wako wa Dallas alijua namna gani mashini ya muzee wa Houston?"

"Hiyo sijui."

"Iko kitu hapa," alisema Mado. "Hatupeleke mashini ya mutu bila kumwuliza mwenyewe."

*

Kwa hiyo waliomba gari kubwa la kanisa, wakashuka Houston siku ambayo Mado hakuwa na zamu. Gulfton ilikuwa na shughuli zake, watoto katikati ya magari yaliyoegeshwa, nguo zikikauka kwenye reli za ghorofa, harufu ya mahindi ya kuchoma kutoka mkokoteni wa mama mmoja. Gracien aliwapeleka mpaka kwa mzee.

Mzee alitoka El Salvador. Hakujua Kiswahili wala Kifaransa, wao hawakujua Kihispania, na Kiingereza cha wote wanne hakikujaza kijiko. Siméon alionyesha cherehani kwa kukanyaga hewa. Mzee akaitikia kwa kichwa. Siméon akajifanya mtu anayeiba, akinyata na kutazama nyuma, kisha akainua mabega kuuliza. Mzee alimtazama kwa muda, akaelewa, na Mado aliona jinsi maumivu yalivyopita usoni pake. Lakini hakukasirika. Aliingia ndani, akarudi na picha kwenye fremu. Mwanamke mnene alikuwa ameketi kwenye cherehani ile ile yenye maua ya dhahabu, gauni jeupe la harusi limemwagika mpaka sakafuni. Mzee alionyesha pete kwenye kidole chake. Akalaza shavu juu ya kiganja, akafumba macho, akayaacha yamefumbwa.

"Pole, baba," alisema Mado kwa Kiswahili, na mzee akajibu kitu kwa Kihispania ambacho hakikuhitaji kutafsiriwa. Alipowaona wanaondoka, alimwekea Mado ile picha mikononi, akaonyesha barabara, kisha akaonyesha kifua chake. Nenda nayo, uirudishe.

Garini, cherehani ikiwa nyuma, Mado aliishika picha mapajani, kama zile sufuria. "Huyu hakuiba," alisema.

"Donc tufanye nini?" aliuliza Siméon.

"Tupeleke. Watuambie wenyewe ni ya nani."

*

Waliingiza cherehani kwenye studio siku moja kabla ya ufunguzi, Siméon mbele, Mado nyuma, miguu ya chuma ikigonga sakafu mpya. Watu wa umeme waliacha ngazi zao. Upande wa pili wa ukumbi fundi alikuwa akijaribu mashine ya picha, na ukutani mwanamke wa zamani wa kijivu alikuwa akifungua na kufunga mdomo mbele ya mwanamume mwenye kofia. Hakuna aliyejua anasema nini mpaka maandishi yalipotokea, na yalichelewa.

Sheldon alikuja mbio, amefurahi. Kisha akapunguza mwendo. Aliizunguka cherehani, akagusa maua ya dhahabu, akasema neno kwa Gakii.

"Siyo hii," alisema Gakii. "Siméon, hii si yetu. Kwani umetubadilishia? Yetu haina maua. Yetu iko wapi?"

"Yenu gani?" aliuliza Siméon.

"Ya chumba cha mavazi! Ile uliyouza!"

"Miye niliuza hii."

"Hii?"

Mado aliweka kiganja juu ya meza ya cherehani. "Dada Gakii, ngoja. Bwana yangu aliuza hii. Hii hapa, unaiona na macho."

"Mado, kama aliiuza, mbona iko hapa?"

"Juu ya nini isiwe hapa? Si aliiuza?"

Wanawake wale wawili walitazamana. Kila mmoja alimwona mwenzake kama mtu mkaidi, au mwenye wazimu kidogo, au mwongo. Walikuwa wametazamana hivyo hivyo mlangoni DeSoto, sufuria zikiwa katikati yao. Ni Gakii aliyelikumbuka kwanza. Mado aliona macho yake yakibadilika.

"Mado. Wewe ukienda dukani, kutafuta sabuni, unafanya nini?"

"Nauza."

"Unauza sabuni."

"Nauza sabuni, nauza mukate. Namna gani?"

"Na mwenye duka? Yeye anafanya nini?"

"Yeye njo anauzisha," alisema Mado, kwa sauti anayowasemea wazee wa Plano.

Gakii alitafuta mahali pa kukaa, akakaa juu ya boksi la taa. "Zile sufuria," alisema. "Mungu wangu. Uliniletea ukidhani nataka kuzinunua."

"Uliandika unauza."

"Niliandika nauza."

Siméon alikuwa bado ameshika upande wake wa cherehani, hajaiweka chini sawasawa. Gakii alimtazama, akakumbuka kila jibu alilompa ofisini, moja moja, na lile moja alilokataa kulitafsiri. Angeweza kumwambia Sheldon kwamba wamekosa kuelewana kidogo. Sheldon asingejua. Lakini alisimama, akamweleza kwa Kiingereza, bila kugeukia dirisha safari hii, na Siméon alisikia jina lake likitajwa mara nyingi na jina la Gakii mara nyingi zaidi.

"Nimemwambia kosa ni langu," alisema alipomaliza. "Nimemwambia ulisema ukweli wote, na mimi ndiye niliyeuharibu."

Sheldon alivua kofia yake ya ujenzi. Aliishika mkononi, akauliza jambo. Gakii alitafsiri kwa uangalifu, neno kwa neno: "Anauliza, sasa ile yetu iko wapi?"

"Muliitafuta?" alisema Mado.

Gakii alitafsiri, na Sheldon akaichunguza sakafu.

"Kazini kwangu, muzee akisema tumeiba meno yake, kwanza tunainua muto. Kila siku meno iko chini ya muto. Ninyi muliinua muto gani?"

Gakii alitafsiri na hilo, pamoja na meno. Mmoja wa watu wa umeme alicheka, akanyamaza. Kisha wakaanza kutafuta, wote, hata mlinzi. Hawakwenda mbali. Nyuma ya jukwaa kulikuwa na mapazia makubwa ya turubai yaliyochorwa milima na mawingu, yamekunjwa na kuegemezwa ukutani. Mafundi wa lipu walikuwa wamesukumia cherehani huko nyuma ili isiingie vumbi, wakaifunika kwa shuka, na kwa wema wao hata vidroo walikuwa wamevifunga kwa kamba. Haikuwa imetoka nje ya jengo. Wiki nzima hakuna aliyeitafuta, kwa sababu mwizi alikuwa ameshajulikana.

Mlinzi alishusha macho. Sheldon alileta kitambulisho kutoka mezani kwake na kumnyooshea Siméon kwa mikono miwili, kama alivyowaona watu wa kwao Siméon wakipeana vitu.

Siméon alikipokea, akakitia mfukoni. Hakukivaa. "Jumatatu nitamaliza vioo," alimwambia Gakii. "Leo tupeleke mashini ya bibi yangu nyumbani."

*

Jumamosi ilikuwa ya jua. Paa lilikuwa bado na vioo kadhaa vyeusi upande wa nyuma, lakini mwanga ulijaa ukumbi mpaka watu wakavua makoti. Mado alikuja na gauni alilolishona usiku uliopita kwa cherehani yake mpya, mshono mmoja umepinda begani kwa sababu miguu ilikuwa imesahau. Njiani alikuwa amepita posta, akaituma ile picha Houston ikiwa imefungwa kwa vitambaa viwili. Zoé alipiga picha kila kitu.

Siméon alitembea katikati ya wageni huku mikono ameifunga nyuma ya mgongo. Alipita makabati ya vioo yenye mavazi, alipita kamera za mbao, na kila mahali alisimama mbali kidogo, mikono ikiwa nyuma, ili yeyote anayetazama aione kwamba haigusi kitu. Mado aliliona hilo tangu mlangoni. Alitaka kumshika mkono, akaona atamwaibisha zaidi.

Kwenye chumba cha mavazi Gakii alikuwa akiwaeleza wageni habari za cherehani, kamba nyekundu ikiwa imeizunguka. Alimwona Siméon mlangoni. Alimwona vizuri, kuanzia uso mpaka mabega mpaka ile mikono isiyoonekana. Akaacha sentensi katikati, akafungua kamba.

"Brother Siméon, hebu njoo unisaidie. Imekaa vibaya, tuisogeze kidogo."

Wageni waligeuka. Siméon hakusogea. Alimtazama mlinzi, na mlinzi akatazama pembeni, akampisha. Alimtazama Mado. Cherehani haikuwa imekaa vibaya. Mado alijua, na Gakii alijua kwamba Mado anajua.

"Enda, Baba Zoé," alisema Mado. "Dada hawezi peke yake."

Mikono ikatoka nyuma ya mgongo polepole. Ilikuwa na lami kwenye kucha, haitoki kwa sabuni. Siméon alishika upande mmoja, Gakii akashika upande wa pili, wakaiinua mbele ya watu wote na kuisogeza upana wa kiganja, kuelekea kwenye mwanga.

"Hapo," alisema Gakii. Hakufunga kamba haraka. Alikuja mpaka alipo Mado, akasimama kando yake, mabega yakikaribiana bila kugusana.

"Zile sufuria bado unazo?"

"Niko nazo."

"Basi niuzishie," alisema Gakii, akilitamka neno kwa shida, kama mtu anayeonja chakula cha wenyewe.

Mado alimtazama mumewe, ambaye alikuwa bado amesimama karibu na cherehani, akijitazama mikono.

"Bei imepanda, dada," alisema.